Kobe wa Changuu: Historia ya Uzio Uliochelewa

Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, kilomita zipatazo 6 kaskazini-magharibi ya Mji Mkongwe wa Unguja, chimbuko lao ni kobe 4 walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Walizaliana wakafika 200, wakaibwa hadi wakabaki 7, kisha wakajengewa uzio uliowaokoa. Kwa Tanzania hakuna mfano unaoonyesha waziwazi zaidi namna kobe wa kufugwa anavyopotea na namna anavyolindwa. Mafunzo yake yanafika mbali na pwani. Katika kata ya Lizaboni, mjini Songea, kobe aliyeko uani anakabiliwa na hatari zilezile, na juu yake zile za nchi ya miombo.

Asili ya kobe wa Changuu ni Aldabra, visiwa vya matumbawe vilivyo magharibi kabisa ya Shelisheli, kilomita zaidi ya 1,000 kutoka Mahé. Dume lililokomaa huweza kufikia kilo 250 na gamba lake kupita urefu wa mita moja. Jike huwa dogo zaidi. Chakula chao ni nyasi na majani, wakisimama kwa miguu ya nyuma pale wanapotaka matawi yaliyo juu kidogo. Wana uwezo wa kukaa miezi mingi bila kula wala kunywa, na uwezo huo, uliowafaa sana katika kisiwa kikavu, ndio uliowaponza walipokutana na binadamu.

Kabla ya kuwapo kwa mashine za barafu, nahodha aliyevuka Bahari ya Hindi alihitaji nyama isiyooza. Kobe walipakiwa wakiwa hai, wakapangwa chini ya sitaha na kuchinjwa mmojammoja safari ilivyoendelea. Morisi, Réunion na Rodrigues zilikuwa na kobe wakubwa wa aina zao wenyewe. Katika karne ya 18 majahazi yalikuwa yakitoka Morisi kwenda Rodrigues kufuata kobe tu, yakirudi na maelfu kwa maelfu, na kobe hao waliwekwa mazizini wakisubiri kuliwa na mabaharia, wagonjwa wa hospitali na wakazi wa mji. Mwanzoni mwa karne ya 19 aina zote za visiwa hivyo vitatu zilikuwa zimekwisha au zinamalizikia. Wale wa Madagaska walikwisha mapema zaidi, karne nyingi nyuma. Aldabra ilisalimika kwa sababu iko mbali, maji yake ya kunywa ni haba, na ardhi yake ya matumbawe makali hukata viatu na nyayo.

Kwa hiyo zizi la kwanza la kobe katika bahari hii lilikuwa ghala la nyama. Hata Shelisheli, ambako kobe walifugwa katika mashamba ya wakoloni, ua wa mawe ulijengwa ili mali isipotee kabla ya siku yake. Inasimuliwa huko kwamba familia zilimtenga kobe mchanga anapozaliwa mtoto wa kike, aliwe kwenye harusi ya mtoto huyo atakapokua. Lakini zizi la namna hiyo lilikuwa na faida moja isiyokusudiwa: watu walijifunza kumfuga kobe, kumpa kivuli, kumtafutia majani na kuyaacha mayai yake ardhini mpaka yaanguliwe.

Mwaka 1874 ulileta mtazamo mwingine. Zilipovuma habari za mpango wa kukata miti Aldabra, wataalamu wa elimu ya viumbe wa Uingereza, miongoni mwao Charles Darwin, Joseph Hooker na Albert Günther, walimwandikia Gavana wa Morisi, aliyekuwa na mamlaka juu ya visiwa hivyo, wakimsihi awalinde kobe wa mwisho wa Bahari ya Hindi. Ombi hilo ni miongoni mwa maombi ya mapema kabisa duniani ya kumwokoa mnyama mmoja mahsusi asitoweke, na lilizaa matunda. Aldabra leo ina kobe wapatao 100,000, na tangu 1982 ni Urithi wa Dunia.

Kutoka hapo kobe akawa pia zawadi ya heshima. Magavana wa visiwa vya Uingereza walipelekeana kobe. Anayejulikana kuliko wote ni Jonathan, aliyefikishwa kisiwa cha Saint Helena mwaka 1882 akiwa tayari mtu mzima, akawekwa katika viwanja vya makazi ya gavana. Zawadi iliyofika Zanzibar mwaka 1919, kobe 4 kutoka kwa Gavana wa Shelisheli, ilifuata desturi hiyohiyo.

Changuu ilikuwa na historia yake ya kufungia. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid aliwapa Waarabu wawili kisiwa hicho, nao wakakitumia kuwazuilia watumwa waliohesabiwa kuwa wakaidi. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, waziri mkuu wa serikali ya Sultani chini ya himaya ya Waingereza, alikinunua ili kijengwe gereza. Jengo lilikamilika, na ndilo lililokipa kisiwa jina la Kisiwa cha Magereza kwa wageni, lakini wafungwa hawakuletwa. Badala yake kikawa karantini ya wasafiri walioshukiwa kuwa na homa ya manjano. Katika miezi ambayo hapakuwa na meli zenye wagonjwa, watu wa mjini walikwenda kupumzika. Hapo ndipo kobe wanne walipoachiwa: kisiwa chenye urefu usiofika kilomita moja, miti ya kutosha, watu wachache, na maji ya bahari pande zote.

Kila aliyeangalia aliiona bahari kuwa ndiyo uzio. Kwa miaka mingi hesabu ilikubaliana naye. Jike la kobe wa Aldabra hufukua shimo kwa miguu ya nyuma, hutaga mayai kati ya 9 na 25, hufukia na kuondoka. Makinda hujitokeza baada ya miezi kadhaa na kujitegemea siku hiyohiyo. Kufikia 1955 kobe wa Changuu walikuwa kama 200. Walitembea kisiwa kizima, wakilala chini ya miti wakati wa jua kali na kula alfajiri na jioni.

Kilichofuata hakikusababishwa na ugonjwa wala njaa. Kobe walikuwa wakiibwa. Wengine waliliwa, wengine waliuzwa nje ya nchi kwa watu wanaofuga wanyama wa ajabu majumbani. Mwaka 1988 walihesabiwa kama 100. Mwaka 1990 walikuwa 50. Mwaka 1996 walibaki 7. Kwa mnyama anayechukua miaka 20 hadi 30 kufikia umri wa kuzaa, kupoteza zaidi ya tisini kwa miaka minane ni msiba usiofidiwa na kizazi kimoja cha binadamu.

Ni rahisi kueleza kwa nini bahari ilishindwa. Mashua ndogo kutoka Forodhani huifikia Changuu kwa muda mfupi, usiku ni mrefu, na kobe hapigi kelele. Mbwa hubweka, kuku hulia, mbuzi hupiga kelele akishikwa. Kobe huingiza kichwa ndani na kunyamaza. Mkubwa wa kilo 200 anahitaji watu kadhaa kumnyanyua, lakini kinda jipya hutoshea kiganjani, na aliye na umri wa miaka mitatu au minne hubebeka ndani ya kikapu. Hivyo mwizi alichagua wadogo, na kundi likabaki na wazee wasio na wa kuwarithi. Mtu aliyepita kisiwani akaona majitu manne au matano chini ya mkungu angeweza kudhani mambo ni salama, kumbe kizazi kizima cha kati kilikuwa kimekwishaondolewa.

Mwaka huohuo wa 1996 ndio uliotoa somo lenye uchungu kuliko yote. Ili kuliongeza kundi, makinda 80 yalipelekwa kisiwani. Arobaini kati yao yalitoweka. Nusu ya tumaini lote iliondoka kwa sababu makinda yaliwekwa mahali palepale ambapo wakubwa walikuwa wameibwa, bila kubadilisha lililowezesha wizi. Kuongeza wanyama katika eneo lisilolindwa ni kumwongezea mwizi mavuno. Hilo lilieleweka, na wakati huu Serikali ya Zanzibar, ikisaidiwa na Shirika la Dunia la Ulinzi wa Wanyama, ilijenga boma kubwa kwa ajili ya kobe wote, lenye walinzi na watunzaji wake.

Matokeo yalionekana haraka. Kufikia mwaka 2000 walihesabiwa wakubwa 17, wa umri wa kati 50 na makinda 90. Yafaa kuitazama hesabu hiyo kwa makini, kwa kuwa uzuri wake hauko katika jumla ya 157 bali katika mgawanyo: kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu palikuwa na wa kila rika. Kobe wengine, hasa wadogo, waliendelea kuletwa kutoka sehemu nyingine kwa ajili ya hifadhi.

Boma zuri la kobe linafanya kazi nne kwa pamoja. Ya kwanza ni kuzuia mkono wa mtu, na hilo hufanywa na mlango mmoja unaofungwa, mlinzi wa usiku na hesabu ya kila siku. Hesabu ndiyo silaha yenye nguvu kuliko kufuli: kundi lisilohesabiwa huweza kupungua mwaka mzima kabla mtu hajashtuka. Kobe akiwa na alama yake kwenye gamba na jina lake kwenye daftari, upungufu hugunduliwa siku hiyohiyo.

Kazi ya pili ni kumzuia kobe mwenyewe. Ukuta wa kobe hauhitaji kuwa mrefu. Unahitaji kuwa mzito na usiopenyeka macho. Kobe akiona majani upande wa pili wa waya husukuma siku nzima kwa kifua na miguu, hujichubua, na dume la Aldabra huweza kung'oa nguzo. Mbele ya mawe au matofali asiyoweza kuona nyuma yake hugeuka na kwenda zake. Kwa aina zinazofukua, msingi hushushwa chini ya ardhi. Kwa aina zinazopanda, pembe za ukuta hufunikwa juu, maana ni pembeni ndipo kobe mdogo hupata pa kushika kwa miguu ya pande zote mbili na kujiinua.

Ya tatu ni kivuli. Mwili wa kobe hauwezi kujipoza kwa jasho, na huko Aldabra kwenyewe kobe asiyewahi mti kabla ya jua la mchana hufa kwa joto. Boma la wazi lenye saruji chini ni tanuri. Ndiyo maana boma la Changuu limewekwa kwenye miti mikubwa, na ndiyo maana watunzaji wazuri huongeza dimbwi la matope.

Kazi ya nne ni kuwatenga makinda. Kunguru weusi wa Kihindi, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wasaidie kusafisha taka mjini, hula viumbe wadogo wa kila aina, na panya hawaachi gamba laini. Chumba cha makinda kinahitaji wavu juu, na tundu zake ziwe ndogo. Udongo wa kutagia huachwa laini na wenye jua, kwa kuwa joto la ardhi ndilo linaloamua kama yai litatoa dume au jike.

Utalii uliolipia matunzo ya kobe wa Changuu umeleta pia mazoea yanayostahili kuangaliwa. Wageni hulipa kiingilio, hupewa majani ya kuwalisha, na huonyeshwa miaka iliyoandikwa kwa rangi juu ya magamba, mingine ikizidi 150. Miaka hiyo ipokelewe kwa tahadhari. Pete za gamba husaidia kukadiria umri wa kobe mdogo tu. Kwa mzee zimekwishasuguliwa zikafutika, na wale wanne wa 1919 hawakufika na cheti cha kuzaliwa. Alama ya utambulisho ni lazima. Umri wa kukisia si lazima. Kumkalia kobe ili kupiga picha ni ukatili, hata kama gamba linaonekana gumu, kwa kuwa gamba ni mfupa ulio hai uliounganika na uti wa mgongo wake.

Kwamba bahari haiwezi kuwa uzio kulithibitishwa baadaye na kobe mmoja peke yake. Desemba 2004 kobe wa Aldabra alitoka majini akatembea ufukweni Kimbiji, kusini ya Dar es Salaam. Alikuwa amekonda, na miguu yake ilijaa viumbe wadogo wenye magamba ambao hushika mbao na vyombo vinavyoelea baharini. Kwa ukubwa wao ilikadiriwa kuwa alikuwa majini kwa muda wa wiki sita au zaidi. Wanasayansi waliomchunguza walihitimisha kuwa huenda alichukuliwa na mkondo kutoka Aldabra kwenyewe, zaidi ya kilomita 700. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza uliothibitika wa kobe wa nchi kavu kuvuka bahari akiwa hai.

 

Bara la Tanzania lina kobe wake lenyewe, na wao pia wamepitia biashara. Aliyeumizwa zaidi ni kobe bapa wa majabali, mwenye gamba jembamba linalobonyea, anayejificha katika nyufa za mawe ya nchi kavu za Tanzania na Kenya. Jike hutaga yai moja kwa wakati. Kwa sababu ya umbo lake la ajabu alitafutwa sana na wafugaji wa Ulaya, Marekani na Asia, na wakusanyaji walibomoa nyufa kwa mitaimbo ili kumtoa, wakiharibu makazi ambayo hayajengeki upya. Kenya ilizuia kumuuza nje mwaka 1981. Mwaka 2019 mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, ulimweka katika orodha yake ya juu, inayozuia biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini. Tanzania nayo, Mei 2016, ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi.

Songea iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, katikati ya nchi ya miombo. Mvua hunyesha kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, kisha ukavu mrefu, na usiku wa Juni na Julai una baridi ambayo kobe wa Aldabra hakuizoea. Kobe wa kusini ni wengine. Kuna mkubwa mwenye madoa ya manjano na meusi, mla nyasi. Na kuna mdogo wa kahawia ambaye sehemu ya nyuma ya gamba lake hukunjika na kumfunika miguu akitishwa. Huyu wa pili hula uyoga, konokono na jongoo pamoja na majani, jambo ambalo wengi wanaomwokota hawalijui, wakampa kabichi peke yake mpaka akadhoofika.

Katika kata kama Lizaboni, ambako nyumba, bustani na mabanda ya kuku vimekaribiana, hatari za kobe wa uani zinajulikana. Mbwa humtafuna gamba akidhani ni mfupa. Siafu humvamia usiku, na kobe aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Nguchiro na kenge hufukua mayai. Maji ya masika hujaa katika shimo lililo bondeni na kumzamisha aliyelala. Kiangazi huja na moto: majani makavu ya uzio wa miti yakishika kutoka shamba la jirani, kobe haukimbii. Kwa hiyo zizi huwekwa mahali pa mwinuko, ukuta wa tofali, ardhi iliyofyekwa kulizunguka, na ndani yake majani makavu au tundu la kuingia wakati wa ukavu. Kobe mdogo wa kahawia hujizika miezi ya kiangazi asile kitu. Mwenye kumfukua kila wiki ili aone kama yuko hai humchosha na kumpotezea akiba ya mwili.

Juu ya yote hayo iko sheria. Kisiwani Changuu mambo ya wanyamapori yako chini ya Serikali ya Zanzibar. Bara inatumika Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, ambayo kwayo mnyamapori ni mali ya umma, na kumkamata au kumfuga bila kibali ni kosa. Kobe aliyeonekana barabarani wakati wa mvua hajapotea; anatafuta jike, chakula au mahali pa kutaga. Avushwe upande aliokuwa akielekea na kuachwa. Aliyejeruhiwa kwa jembe au kugongwa na bodaboda, au aliyekutwa akiuzwa, atolewe taarifa kwa Afisa Wanyamapori wa Manispaa ya Songea au kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA.